Chai Iliyopoa Mara Tatu: Je, Wimbo Wangu Umeibwa?

"Wakili, shikamoo. Mimi ni msanii chipukizi, naishi Uyole. Mwaka 2022 nilinunua biti mtandaoni kwa dola 30, nikatunga wimbo wa mapenzi. Kiitikio nilikianzia kwenye wimbo wa harusi wa Kinyakyusa ambao bibi yangu wa Tukuyu huuimba. Kabla ya kuutoa nilimtumia demo kwa WhatsApp prodyuza mmoja wa Dar es Salaam. Alisikiliza, akasema ni mzuri, kisha akanyamaza. Nikautoa mwenyewe YouTube, ukapigwa kidogo kwenye redio za hapa Mbeya. Mwaka 2024 msanii mkubwa anayerekodi kwa prodyuza huyohuyo alitoa wimbo wenye biti ileile na kiitikio kinachofanana na changu. Umetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Kila anayenifahamu ananiambia nimeibiwa. Wengine wanasema sina haki kwa sababu sikusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wengine kwamba chini ya sekunde saba si wizi. Rafiki yangu anataka nimlipue Instagram. Nimekutumia nyimbo zote mbili, pamoja na sauti ya bibi akiimba kipande kile. Je, nina kesi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimezisikiliza nyimbo zote mbili kwa siku tatu, kwanza kwenye simu kama msikilizaji yeyote, kisha nikiwa mbele ya kinanda, kwa kuwa kabla ya uwakili nilipiga kinanda kwenye kwaya ya kanisa kwa miaka mingi na tabia ile haijaniacha. Naelewa ulivyoshtuka. Kusikia kiitikio ulichokitunga chumbani kwako kikitoka kwenye spika ya bajaji Mwanjelwa, kwa sauti ya mtu ambaye hata hakujui, si jambo la kulala nalo usiku. Hofu yako, nikiisoma vizuri, ina pande mbili: kwamba umeibiwa, na kwamba kwa uzembe wako mwenyewe huenda umeshapoteza haki ya kudai. Hiyo ya pili naweza kuiondoa sasa hivi. Ile ya kwanza itatuchukua muda, kwa sababu kabla ya kujua kama kitu kimeibwa lazima tujue ndani ya wimbo huo ni kipi hasa kilikuwa chako.

Kuhusu usajili, waliokuambia huna haki wamekosea. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, hailazimishi mtu kusajili wimbo ili awe mmiliki wake. Haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, pale tu inapotungwa, na Tanzania imo pia katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao unakataza haki hiyo kufungwa kwenye masharti ya usajili. Cheti cha COSOTA kina faida yake, na sitaki mtu asome hapa akadhani nakidharau: hukupa ushahidi wa mwanzo wenye tarehe, hivyo anayekupinga ndiye anayelazimika kuhangaika kuthibitisha vinginevyo. Usajili wimbo wako hata sasa. Tarehe ya cheti itakuwa ya leo, lakini demo na video yako vitabeba tarehe za zamani.

Habari ya sekunde saba nimeisikia kwa sura nyingi. Wapo wanaosema noti nane, wapo wanaosema sekunde 30. Hakuna kipimo cha namna hiyo katika sheria yetu. Kinachoangaliwa ni kama kilichochukuliwa ni sehemu yenye uzito katika kazi ya mwenzako, na uzito huo hupimwa kwa ubora zaidi kuliko kwa saa. Sekunde nne ambazo ndizo roho ya kiitikio zinaweza kutosha, na nusu dakika ya mdundo wa kawaida inaweza isitoshe. Vilevile, yale maneno ambayo watu huandika chini ya video zao, kwamba hawakukusudia kuvunja hakimiliki ya mtu, hayamkingi mwandishi wake na chochote.

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe, na nianze na biti, maana ndiyo iliyowafanya marafiki zako wapige kelele. Nimesoma leseni uliyoniambatanishia. Ulicholipia dola 30 ni leseni isiyo ya kipekee. Maana yake ni kwamba aliyeitengeneza biti anabaki mmiliki wake, wewe umepewa ruhusa ya kuitumia, na anaweza kumpa ruhusa hiyohiyo mtu mwingine, na mwingine, hadi pale atakapotokea mnunuzi wa kuichukua yote peke yake. Hata huyo akitokea, leseni zilizotolewa kabla yake kwa kawaida huendelea hadi zimalizike. Kwa hiyo yule msanii mkubwa huenda alinunua biti ileile, kihalali kabisa, kutoka ukurasa uleule. Inakera, lakini si wizi, na hata kama angekuwa ameichukua bila kulipa, mwenye malalamiko angekuwa mtengeneza biti, si wewe. Naomba uliweke jambo hili moyoni, kwa sababu sikio la msikilizaji wa kawaida hushika kwanza mdundo na milio ya ala, kisha sauti, na melodi huja mwisho. Nyimbo mbili zenye biti moja zitasikika kama pacha hata kama waimbaji wake hawajawahi kusikiana. Kile kinachowafanya watu waseme "umeibiwa" ndicho kitu dhaifu kuliko vyote katika dai lako.

Jirani na biti kuna mfuatano wa kodi, na nazungumzia kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si zile za TRA. Nyimbo zote mbili zinazunguka kwenye kodi nne ambazo kila mpiga gitaa wa baa na kila kijana wa kwaya anazifahamu. Hapa ndipo mashauri ya wenzetu wa nje yanaposaidia, si kwa kuwa yanazibana mahakama zetu, kwa sababu hayazibani, bali kwa kuwa yamepita njia ambayo sisi bado hatujaipita sana. Mwaka 2023 baraza la wazee wa mahakama huko New York lilimwondolea Ed Sheeran lawama kwamba wimbo wake "Thinking Out Loud" uliiba kutoka "Let's Get It On" ya Marvin Gaye, na shauri lililofanana na hilo lilipofika mahakama ya rufani mwaka 2024, majaji walikataa kumpa mtu mmoja umiliki wa mfuatano wa kodi uliozoeleka pamoja na namna ya kuupiga. Katy Perry naye alishindwa kwanza mwaka 2019 kwa sababu ya kipande kifupi cha kinanda kinachojirudia katika "Dark Horse", akaamriwa yeye na wenzake kulipa karibu dola milioni 2.8, mwaka uliofuata jaji akaufuta uamuzi huo, na mwaka 2022 mahakama ya rufani ikakubaliana naye, kwamba kipande kile kilijengwa kwa matofali ambayo kila mtunzi anayo.

Matofali hayo si mengi. Ukisoma nota za sol-fa, zile za do, re, mi, unazo d, r, m, f, s, l, t, na nyimbo nyingi za mapenzi za Bongo Fleva, kama zilivyo nyimbo nyingi za kimila za huku kwetu, huzipita f na t mbali na kubaki na noti tano tu. Ukichukua noti tano, ukazipanga ndani ya baa nne, yaani vipimo vinne vya mdundo, kwa mwendo ambao watu wanaweza kuuchezea, juu ya kodi nne zilezile, ukaongeza sharti kwamba mtu aweze kuuimba akiwa anafua, utaona jinsi nafasi ya kuepukana inavyokuwa finyu. Wapo watunzi wawili waliokutana njiani bila hata mmoja kumfuata mwenzake, na sheria inalijua hilo: mtu aliyetunga mwenyewe kitu kinachofanana na chako hajavunja hakimiliki yako. Hakimiliki inazuia kunakili, haizuii kufanana.

Najua utaniuliza kuhusu "Blurred Lines", kwa kuwa kila kijana mwenye malalamiko huniuliza. Ni kweli kwamba mwaka 2015 baraza la wazee wa mahakama huko Los Angeles liliamua Pharrell Williams na Robin Thicke walinakili wimbo wa Marvin Gaye wa mwaka 1977, na malipo, baada ya jaji kuyapunguza, yalibaki takribani dola milioni 5.3 pamoja na nusu ya mapato ya baadaye. Rufaa yao ilikataliwa mwaka 2018, lakini jaji mmoja kati ya watatu alipinga kwa ukali, akisema wenzake wameruhusu mtu amiliki mtindo wa muziki. Mimi niko upande wa jaji huyo. Tungekuwa tunashtakiana kwa mtindo, nusu ya wapiga magitaa wa nchi hii wangekuwa mahakamani kwa ajili ya sebene. Ninachokuomba ni usiijenge kesi yako juu ya shauri lile. Mashauri yaliyofuata yameelekea upande mwingine.

Tuvue basi biti na kodi, tubaki na sauti tupu. Nimeviandika viitikio vyote viwili kwa sol-fa, nikavileta kwenye ufunguo mmoja ili visidanganye sikio, kwa sababu yeye ameimba juu kidogo kuliko wewe. Mstari wako wa kwanza unakwenda s s l s m, kisha r d. Wake unakwenda s s l s m, kisha r r d. Karibu sawa kabisa, na ndipo hapo wewe na rafiki zako mlipoinuka kwenye viti. Lakini nikasikiliza ile sauti ya bibi yako, ambayo unapaswa kumshukuru kwayo, na bibi naye anaimba s s l s m, r d. Mstari huo si wako. Uliuazima, umesema mwenyewe kwa uaminifu, na mtu yeyote aliyekulia Rungwe au Kyela akahudhuria harusi kadhaa anaweza kuwa ameuokota palepale ulipouokota wewe. Wakili wa upande wa pili hatahitaji dakika kumi kumpata mama mmoja wa kuja kuuimba mbele ya hakimu.

Niongeze neno kuhusu nyimbo za jadi, kwa sababu hapo pana dhana mbili zinazogombana na zote mbili si sahihi. Ya kwanza ni kwamba wimbo wa bibi ni wa kila mtu, hivyo uokotwe tu. Ya pili ni kwamba ukishaurekodi wewe wa kwanza unakuwa wako. Sheria yetu ya mwaka 1999 ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi, na matumizi yake ya kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila yana utaratibu wa ruhusa, huku msanii akiachiwa nafasi ya kuazima ili atunge kazi mpya ya kwake. Kwa wimbo wako, ambao umeazima mstari mmoja na kuendelea na safari yako, sioni tatizo kubwa, ila ningekushauri ufike BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, uwaeleze, na katika maelezo ya wimbo uandike kwamba mwanzo wa kiitikio unatokana na wimbo wa harusi wa Wanyakyusa. Huo ni ungwana, na pia utakukinga: siku ukisimama kumlaumu mwingine kwa kutotaja chanzo, asije akakuuliza cha kwako.

Hadi hapa nimekuondolea biti, kodi na mstari wa kwanza, na huenda umeanza kudhani nakuandaa kwa jibu la hapana. Sivyo. Rudi kwenye mstari wa pili, ambao wewe hukuutaja hata kidogo katika barua yako.

Umeimba, "Chai nimekuwekea, imepoa mara tatu." Yeye anaimba, "Chai yangu imepoa, imepoa mara tatu." Katika nyimbo za mapenzi watu husubiriana kwa namna nyingi, na chai kupoa si jambo geni, lakini chai kupoa mara tatu ni kitu kingine; ni lazima mtu awe ameipasha moto tena na tena akimngojea mwenzake, na picha hiyo imefichwa ndani ya maneno mawili tu. Mimi sijaisikia kwingine, ingawa sikio langu moja si ushahidi. Kisha tazama melodi iliyo chini yake. Sikio linatarajia mstari utue kwenye d, kama ulivyotua ule wa bibi. Wewe hukutua. Kwenye neno "tatu" umeruka juu ukaishia kwenye l, wimbo ukabaki umening'inia kama mtu aliyeulizwa swali akanyamaza. Yeye ameruka vilevile, kwenye silabi ileile, akaishia kwenye l ileile, tena akavuta pumzi kwa muda uleule kabla ya ubeti kurudi. Bibi yako hayumo humo, wala biti haimlazimishi mtu kwenda huko. Nimeipiga ile biti mara kadhaa nikaimba njia nyingine nne juu yake na zote zilikaa vizuri.

Neno moja moja huwezi kulimiliki, na sentensi fupi peke yake ni mali dhaifu. Lakini maneno yasiyo ya kawaida, yakiwa juu ya melodi isiyo ya kawaida, mahali palepale kwenye kiitikio, ni jambo ambalo mahakama inaweza kulikalia na kulitafakari. Walimu wa shule huwakamata wanafunzi waliodesa kwa njia hiyohiyo: majibu sahihi yakifanana hayasemi lolote, ila wawili wakikosea swali moja kwa kosa moja la ajabu, mwalimu huweka chaki chini.

Kufanana huko bado ni nusu ya safari. Unapaswa kuonyesha pia kwamba mwenzako aliufikia wimbo wako, yaani alikuwa na nafasi ya kweli ya kuusikia. Watu wengi wanaonijia wanakwama hapa. Katika shauri la "Shape of You" lililoamuliwa Uingereza mwaka 2022, jaji alikiri kwamba vipande viwili vilivyobishaniwa vinafanana, lakini akaona haijathibitishwa kwamba Ed Sheeran aliwahi kuusikia wimbo wa mlalamikaji, na dai likaanguka. Video yenye watazamaji wachache na kupigwa redio za mkoani peke yake kungekuacha katika hali hiyohiyo. Wewe, hata hivyo, una kitu ambacho wengi hawana: demo iliyopokelewa na prodyuza yuleyule, akaijibu, miaka miwili kabla wimbo mwingine haujatoka kwenye studio anayofanyia kazi.

Usirukie kusema basi prodyuza ni mwizi. Inawezekana kabisa kwamba aliisikiliza demo yako, akaisahau, na siku moja kiitikio kikamjia kichwani akidhani ni chake. Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1976 jaji mmoja wa New York aliamua kwamba George Harrison, katika "My Sweet Lord", alikuwa amenakili "He's So Fine" ya kundi la The Chiffons bila kujijua, na akasema hilo halimwondolei wajibu. Uingereza nako, mwaka 1963, mahakama ya rufani ilikubali kwamba kunakili bila kujitambua kunawezekana, ila ikasisitiza kwamba mlalamikaji lazima aonyeshe kamba inayounganisha wimbo wa kwanza na wa pili, kwa kuwa kufanana peke yake hakutoshi. Hukumu za Uingereza husomwa kwa heshima katika mahakama zetu, ingawa si amri kwao. Faida yake kwako ni kwamba huhitaji kumwita mtu mwongo ili kudai haki yako. Katika barua unaweza kuandika kwa utulivu kwamba wimbo wako ulimfikia, kisha mstari wake ukatokea katika wimbo mwingine, na kumwachia mlango wa kutokea bila aibu. Mtu aliyeachiwa mlango hulipa mapema kuliko aliyebanwa ukutani.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kulinda ushahidi, na ni kazi ya wiki hii. Usifute mazungumzo yale ya WhatsApp, wala usibadilishe simu kabla ya kuyahifadhi yote pamoja na faili la sauti lenyewe. Picha ya skrini pekee ni rahisi kubishiwa. Tunza rekodi ya kwanza kabisa uliyojirekodi, ile mbaya yenye mlio wa jogoo nyuma, kwa sababu tarehe iliyomo ndani ya faili hilo ina thamani kuliko ubora wa sauti. Mtafute fundi wa studio aliyekurekodi Mbeya akupe faili la mradi. Daftari ulimoandika mashairi lisichanwe hata ukurasa mmoja, hasa kurasa zenye mistari uliyoifuta, kwani hizo zinaonyesha kwamba "mara tatu" uliifikia kwa kutafuta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii kupokewa, na mahakama itataka kujua ulivyohifadhiwa na kama ungeweza kuchezewa.

Kuhusu kumlipua Instagram, nakukataza kwa nguvu zote nilizonazo. Ukiandika kwamba fulani ni mwizi na baadaye ukashindwa kuthibitisha, wewe ndiye utakayegeuka mshtakiwa wa kashfa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweza kukufikia kwa taarifa za uongo. Zaidi ya hapo, ukishaanika kila kitu hadharani, upande wa pili unapata muda wa kuandaa hadithi yake kabla ya barua yako kufika.

Wapo pia watakaokushauri uishushe video ya mwenzako kupitia fomu ya YouTube. Fomu hiyo si kitufe cha hasira. Unapoijaza unatoa tamko lenye uzito wa kisheria kwamba haki ni yako, mwenzako anaweza kulipinga, na akilipinga unakuwa na siku 10 tu za kazi za kuonyesha kwamba umefungua shauri, la sivyo video inarudi na wewe umeonekana mtu wa kutishia bure. Na kamwe usiuingize wimbo wako kwenye ule mfumo wao wa kutambua sauti kiotomatiki. Mfumo huo unamhitaji mtu mwenye haki za kipekee za kila kilichomo, na biti yako si ya kipekee; utajikuta unadai fedha za vijana wengine wote walioinunua, na hapo mwenye makosa utakuwa wewe.

Njia zilizobaki ni tatu. Unaweza kuacha, na sioni aibu katika hilo, kwani wapo watunzi waliochagua kutumia muda wao kutunga wimbo mwingine kuliko kuzunguka na mafaili. Unaweza kuandika barua ya madai kupitia wakili, na mkishindwana mkapeleka mgogoro COSOTA, ambako pande mbili huitwa na kusikilizwa bila gharama na vumbi la mahakama. Au unaweza kufungua shauri la fidia na kuomba amri ya zuio. Mimi kwa ushahidi nilioushika mkononi ningeanza na barua, na ndani yake nisingeomba mabilioni. Ningeomba vitu viwili: jina lako liandikwe miongoni mwa watunzi wa wimbo ule, na upate asilimia fulani ya mapato ya utunzi, tangu siku ulipotoka. Sam Smith alipoambiwa kwamba "Stay with Me" inafanana na wimbo wa zamani wa Tom Petty, mambo yaliisha bila mahakama. Petty na mtunzi mwenzake Jeff Lynne waliandikwa kama watunzi wakapata asilimia 12.5, na Petty mwenyewe akasema hadharani kwamba hana kinyongo. Nchini Australia, wenye wimbo wa watoto uitwao "Kookaburra" walipelekana mahakamani na kundi la Men at Work kwa sababu ya kipande cha filimbi katika "Down Under", wakashinda mwaka 2010, na baada ya mapambano yote hayo wakapewa asilimia 5. Hesabu za namna hiyo mtu anapaswa kuzijua kabla ya kupanga atakavyotumia fedha ambazo hajazipata.

Udhaifu wako nauona hivi. Melodi ni fupi, mstari unaobishaniwa ni mmoja, na nusu ya kiitikio ni mali ya jadi. Prodyuza anaweza kudai kwamba msanii alikuja na maneno yake tayari, na msanii akadai kwamba hakuwahi kuisikia demo. Nguvu yako ni ile demo, lile jibu "ni mzuri", na ile l iliyoning'inia. Ukiniuliza kama una kesi, nasema una mazungumzo mazuri sana, na kesi ya wastani. Asikwambie mtu kwamba ni ya uhakika, awe wakili au mganga.

Kuna mambo ambayo maandishi kama haya hayawezi kukufanyia, na yakitokea unapaswa kukaa uso kwa uso na wakili, ukiwa na nyaraka zako zote. La kwanza ni kupokea barua yoyote kutoka kwa wakili wa upande wa pili. Usiijibu kwa simu wala kwa ujumbe. La pili ni muda. Madai ya madhara yasiyotokana na mkataba kwa kawaida hukomea miaka 3, hivyo kama wimbo ule ulitoka 2024, hesabu inaendelea hata wakati tunaandikiana. La tatu, na ndilo linaloniogopesha zaidi, ni mtu kukuita hotelini, akakuwekea fedha taslimu mezani pamoja na karatasi ya kusaini. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akaachia haki zake kwa shilingi 10, wimbo ukazunguka dunia kama "The Lion Sleeps Tonight", naye akafa maskini mwaka 1962. Familia yake ilipata makubaliano ya malipo mwaka 2006. Usisaini chochote siku unayokiona kwa mara ya kwanza.

Wakili si lazima umfuate Dar es Salaam. Mawakili wa kujitegemea wapo Mbeya, Mahakama Kuu ina masjala hapa, na kama huna uwezo wa kulipa uliza kuhusu watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mweleze wakili mapema kwamba utahitaji pia shahidi wa muziki, mtu anayesoma nota na anayeweza kueleza mbele ya hakimu kwa nini l ile si ya kawaida. Walimu wa muziki wa Bagamoyo na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuanzia. Usinitegemee mimi kwa hilo, kwa kuwa wakili hawi shahidi katika shauri analolishauri.

Kabla ya yote hayo, panda gari uende Tukuyu. Sauti ya bibi uliyonitumia ina sekunde 20 tu, na imekatika kabla mstari wa pili haujaanza. Nimeiamini kwa kudhani kwamba wimbo wa harusi unatua kwenye d mwanzo hadi mwisho, lakini sijausikia wote, na kama huko mbele kuna mahali unaporuka kwenda l, basi sehemu kubwa ya niliyoandika hapa inabadilika, na ni afadhali tulijue sisi kabla ya wakili wa upande wa pili. Weka simu mezani, mwache auimbe wote kwa mwendo wake, pamoja na beti ambazo hukuzitumia, muulize alijifunza kwa nani na mwaka gani, kisha unitumie faili lenyewe bila kulikata.